Ghalani

Mshahara wangu ni riali tisini.
Nauandika juu ya bahasha kwa penseli,
kwa kuwa penseli hufutika
na mimi si wa kuaminika siku ya malipo.

Sabini na tano za Mwatate:
mabati ya mama, karo ya Mwakio, deni la wakala
ambalo kila nikilikata kichwa huota mkia.
Tisa za Bwana.
Sita zilizobaki, sabuni, vocha,
na kiatu kinachonila kisigino.

Jikoni, Al Khuwair, saa nne usiku,
Bi Thuwaiba naye anahesabu.
Dhahabu yake ameiweka kwenye mizani ya unga:
bangili saba, kidani, mkufu uliokatika.
"Kila arobaini, moja," anasema,
kwa Kiswahili cha Unguja.
Aliondoka huko ana miaka kumi na miwili
na maneno yake mengine hayajakua tangu hapo.

"Nawe, Mkawasi? Wako wa ngapi?"
"Wa kumi, Bi."
Akavua miwani.
Neno letu ni moja, zaka; hesabu ndiyo mbali.
"Kila kumi, moja? Mungu wako ghali, mwanangu!"
Tukacheka mpaka sindano ya mizani ikaruka.
Kisha yeye akaacha kucheka.
"Kwetu, mtu kama wewe hatoi.
Mtu kama wewe hupewa."

Likanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Nilitaka kumwambia kwamba mchana kutwa
mikono hii ni ya watu, inaosha, inakunja, inabeba;
kwamba pasipoti yangu inalala kabatini kwa mwanawe;
kwamba katika nyumba hii yote
riali tisa hizi ndizo pekee
ninazoziamulia mimi ziende wapi.
Sikusema.
Nikaisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Asubuhi akanitia kiganjani noti ya riali tano,
imekunjwa ndogo kama hirizi.
"Sadaka. Usimwambie Said."
Nikaviona viatu. Kisigino kikashukuru mapema.
Ila hesabu ni ugonjwa:
kumi la tano ni nusu, baisa mia tano.
Je, sadaka nayo hutolewa fungu?
Mchungaji hajawahi kulihubiri hilo.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Ghala.
(Nabii alisema ghalani, na kanisa liko Ghala.
Kila wiki nalicheka hilo peke yangu dirishani.)
Wamalayali wanatoka, Wafilipino wanasubiri mlangoni,
sisi wa Kiswahili tumebanwa katikati
na dakika tisini za kuimba, kulia na matangazo.

Tangazo lilikuwa Nabwire wa Mbale.
Alitoka Barka usiku, pekupeku.
Faini na tiketi, riali mia na themanini.
Yuko safu ya nyuma, kanga ya mtu begani,
hakitazami kikapu.

Nilikuwa nimepanga tisa na nusu.
Mkono ukaingia mkobani, ukatoka na tisa,
na ile hirizi yote, haikukunjuliwa.
Si imani, nasema kweli.
Labda kiburi.
Labda nilitaka mara moja tu
kuwa mtu asiyengoja chenji.

Nikajuta kikapu hakijafika safu ya tatu.
Nikajuta kwenye basi.
Kisigino kikajuta kuliko mimi.

Jioni Bi Thuwaiba akanitazama miguu.
"Viatu viko wapi?"
Nikamweleza: Barka, usiku, lami, yule msichana.
Akanyamaza, akiizungusha bangili kwenye kifundo
kana kwamba anatafuta mahali inapofungukia.
Kule sebuleni Said alikuwa akiita chai.
"Huyo Nabwire," akasema,
"mguu wake namba ngapi?"