Mvuke Ukinyamaza

Orodha ililetwa na jina langu juu yake:
Jumamosi, mpira wa mikono, wasichana wa miaka kumi,
Torgeir alete wafeli sabini.
Sabini!
Mimi niliyewahi kuunguza hata maji.

Saa kumi na mbili asubuhi, Vadsø, Desemba,
jua liliaga mwezi uliopita
na halijasema litarudi lini.
Nikavunja mayai kumi na mawili.
La kumi na tatu lilianguka sakafuni, paka akalipokea.
Unga, maziwa, siagi ya kuyeyusha,
iliki nikaitwanga mwenyewe, nikapiga chafya,
rojo likatulia ndani ya ndoo
ile ya kuchumia matunda ya porini.

Mashine zilikuwa mbili.
Yetu, mpya, yenye taa ya kukuamuru:
nyekundu, subiri; kijani, epua.
Na ya Gudlaug, mama mkwe,
nzito kama deni la zamani,
waya umefungwa utepe,
taa yake ilikufa kabla sijaoa.
Mwenyewe kaketi pembeni, blanketi magotini,
macho kayafumba, hajaulizwa kitu.

Ya kwanza ikagoma kutoka.
Nusu iling'ang'ania juu, nusu ikabaki chini.
"Ya kwanza huwa ya mashine," akasema Gudlaug,
bila kufumbua hata jicho moja.

Ya pili ikakubali. Ya tatu. Ya saba.
Upawa, funika, ngoja, epua,
mioyo mitano imeshikana ncha kwa ncha,
moto, laini, inanukia mpaka ngazini.
Nikaanza kupiga mluzi.
Mpumbavu nani kama mtu aliyeanza kufanikiwa?
Hita inawaka, jezi zinazunguka kwenye kikaushio,
mashine mbili zinavuta umeme kama ndama mapacha.
Nikahesabu: kumi na tisa.

Tap.

Giza la kuweza kulishika kwa mkono.
Na fyuzi za akiba
ni zile nilizoahidi kununua tangu Agosti.

Nikanyoosha mkono nifungue.
"Acha," akasema Gudlaug. "Chuma bado kina moto wake.
Sikiliza."
Nikasikiliza.
Mvuke ulikuwa unatoka pembeni,
shhhh, kama mtu anayesengenya kanisani,
kisha ukapungua, ukawa uzi,
kisha uzi ukakatika.
"Sasa."

Nikaepua kwa vidole, nikiwa kipofu.
Ilitoka nzima.
Ile ya mashine yetu ilikuwa bichi katikati;
bila taa haikujua la kufanya,
na sikuwa na uso wa kuicheka.

Tukaipasua ya gizani, mimi na yeye,
bila jamu, bila jibini ya kahawia.
Ukingo ukalia meno yalipouuma.
Hatukuzungumza. Katika miaka kumi na minne
hatukuwahi kunyamaza vizuri hivyo.

Jorunn akashuka na tochi ya simu, soksi mguu mmoja.
"Baba, ziko ngapi?"
"Kumi na tisa."
Akasimama, midomo inacheza, anazidisha.
"Tuuze moyo mmoja mmoja," akasema.
"Itakuwa tisini na mitano."

Tuliuza kwa kroni kumi.
Mwamuzi alinunua minne.
Tulifungwa, ishirini na mbili kwa tisa.
Na mpaka leo Gudlaug hajaniambia
kama ile tuliyokula gizani
ilikuwa imeungua.