Jozi

Usiulize nani anasoma Sakhori.
Tazama mikono.
Septemba, jozi zikishaanguka,
mwalimu Makvala huchemsha maganda mabichi
katika sufuria kubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza,
na watoto huzamisha sufu humo hadi viwikoni.
Glavu shule inazo jozi moja,
jozi za mtini hazina idadi.
Rangi haitoki kwa sabuni wala kwa majivu
wala kwa mama anayesugua akilaani.
Hutoka yenyewe karibu na Krismasi,
ukucha baada ya ukucha.

Mimi Zauri, mchomeleaji.
Nilikwenda pale kuziba bomba la jiko
nikiwa na kisirani changu tayari:
Mzevinari, binti yangu, ana miaka kumi
na kuzidisha saba bado kunamteleza.
Leo nitamwambia mwalimu, nilisema njiani,
mwanangu hakuja hapa kupika uzi.

Nikamkuta sakafuni anahesabu mtande.
"Saba mara kumi na mbili," bila kuinua uso,
"themanini na nne. Ila wa mwisho umekatika,
kwa hiyo themanini na tatu, baba, usikanyage."
Nikarudisha mguu.
Maneno niliyokuja nayo nikayameza pamoja na moshi.

Fremu yao ilikuwa ya mbao, imepinda.
"Tungepata chuma," alisema Makvala,
akiutazama mkoba wangu wa zana, si mimi.

Nyumbani kilikuwapo kitanda alichofia baba,
cha chuma, cha springi,
hakuna aliyetaka kukilalia wala kukitupa.
Jumamosi nikakikata.
Otia, yule asiyesema na mtu,
alishika upande wa pili wa futi kamba
akaniandikia vipimo kwa chaki juu ya kiatu changu.
Thuluthi mbili. Robo tatu.
Sehemu ndizo zilizonifukuza shule, darasa la sita;
siku ile zililala mbele yangu, chuma baridi,
nikazipitishia msumeno.
Kitanda kikawa kitanda cha mfumi.
Mama alipokiona alinyamaza,
kisha akauliza kama bado kinapiga kelele.
Kinapiga.

Nilichovya shada moja tu, kuonja.
Mchovya rangi naye hachovyi mara moja.

Novemba ikaja barua:
shule isiyofika wanafunzi kumi itafungwa,
watoto watashuka bondeni kwa basi.
Basi gani, theluji ikigusa dirisha?
Tuko tisa. Tazama, nimeshasema *tuko*.
Tukahesabu matumbo ya wake zetu; hapana.
Tukampigia simu binti wa Nargiza, Kutaisi,
atuazime mwanawe hadi machipuko.
Akakata.

Mkaguzi, Bwana Jumber, alifika viatu vimelowa.
Akapewa chai na kiti cha karibu na jiko.
Akataka daftari la mahudhurio;
lilikuwa limeshikilia mtande usilegee,
ukilitoa, kazi ya mwezi inaporomoka.
"Basi nionyesheni mikono," akasema.
Sijui kama alichoka au alikuwa anacheza.

Ikanyooshwa. Ya kahawia, ya kahawia,
ya Tsira yenye plasta,
ya Otia iliyojificha ndani ya sweta;
hiyo aliisubiri.
Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikichezacheza,
hadi pembeni, nilipokuwa nimesimama na mshindio
nikisahau kuuweka chini.
"Kumi," akasema.
Makvala alikohoa.
Hakuna mwingine aliyetoa sauti,
hata kitanda.

Sasa ni Februari. Jibu halijaja.
Rangi imenitoka, imebaki kidole gumba cha kushoto.
Kitambaa kina kosa mstari wa arobaini,
zamu yangu, nilikuwa napiga soga.
Mzevinari amelizungushia uzi mwekundu,
na ukingoni, kwa herufi za mshono mpana,
ameniandikia:
*Rudia.*