Daftari la Maziwa

Saa saba na dakika kumi na mbili usiku
Aikande aliniamsha kwa kiwiko.
"Andika," akasema.
Karatasi ya karibu ilikuwa daftari la maziwa:
Mama Kunda, lita mbili, kalipa.
Mwalimu Lyatuu, lita moja, bado.
Chini ya deni la mwalimu nikaandika 7:12.

Kisha kimya. Mvua ya masika juu ya migomba,
ng'ombe akikohoa bandani.
7:31. Uchungu ukaja, ukakaa kidogo, ukaondoka
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mimba ya Elineema tulikurupuka na ule wa kwanza kabisa.
Nesi wa Mawenzi akapima, akavua glavu:
"Bado sana. Nendeni mkale."
Tukaupanda mlima tena hadi Uru,
beseni jipya likinigonga magoti,
majirani wakiuliza mtoto yuko wapi.
Ndiyo maana safari hii ameuma khanga:
"Sirudi kuchekwa. Hesabu."

7:44. 7:55. 8:03.
Nilihesabu mara mbili:
tangu unapoanza hadi unapoanza tena,
na muda unaoshika kabla ya kuachia.
Sekunde arobaini. Hamsini.
Sekunde zangu zilikuwa za saa ya ukutani.
Zake sijui zilipimwa kwa nini.

8:41 alikuwa akinielekeza alikoweka chumvi,
akakatika katikati ya neno.
Chumvi hadi leo hatujaiona.

Kliniki walisema: mara tatu ndani ya dakika kumi,
msingoje kupambazuke.
Na chupa ikipasuka, damu ikitoka,
au mtoto akinyamaza tumboni,
acheni hata kuhesabu.

8:50. 8:54. 8:57.
Nikagonga kwa Eliamani mwenye kirikuu.
Akatoka, shati kalivaa ndani nje,
funguo mkononi, bila swali.

Kwenye utelezi nilikuwa bado naandika,
tarakimu zikiruka kama panzi,
hadi Aikande akaninyang'anya kalamu
akaitupa dirishani.

Nesi aliomba kadi.
Kwa kiwewe nikampa daftari.
Akasoma, kidole kikifuata mistari,
akaingia kupima, akatoka:
"Sita. Safari hii mmekuja kwa wakati.
Na huyu Mwalimu Lyatuu,
anadaiwa tangu mwezi wa tatu?"

Nyuma ya pazia Aikande akacheka,
kicheko kikakatika katikati.
Nikapapasa mfukoni nitafute kalamu.