R

Kabla hajaitwa Mheshimiwa tulimwita Metre,
Metre Zihalirwa, wa biro ya ghorofani pale Nyawera,
ngazi za saruji zilizopasuka, na mimi chini ya dirisha
na mashine ya kuchapa iliyong'oka herufi R.
Nilikuwa naijaza kwa kalamu, moja moja,
kwenye Jamhuri, kwenye urithi, kwenye jina lake.
Bila mkono wangu alikuwa Zihali wa,
mtu mwenye pengo katikati.

Aliwatetea wauza samaki wa Kadutu
waliokamatwa pamoja na mabeseni yao.
Samaki ndio waliokuwa ushahidi.
Kikao cha tatu ushahidi ulikuwa umeoza,
hakimu akaziba pua, akafunga na kesi.
Wale mama wakamsindikiza hadi chini kwa vigelegele,
na joho lake likanuka ndagala hadi Pasaka.

Hao hao ndio waliompigia kura.
Karatasi ilikuwa pana kama kitambaa cha meza,
nyuso mia tatu na kitu, za vipasipoti,
wakamtafuta kwa kidole, kwa ule mwanya wa meno.

Siku ya kwenda Kavumu kupanda ndege
alilitundika joho kwenye msumari nyuma ya mlango.
"Mulichunge. Nitalirudia."
Na dosie ya Mama Nsimire, kiwanja cha Cimpunda,
kilichouzwa mara mbili na mtu asiyekimiliki,
akaiweka juu ya zote: "Hii, mbele ya Noeli."
Hakusema Noeli ipi.

Mwaka wa kwanza aliuliza swali.
Tulimsikiliza kwa redio, mafuta ya jenereta tumechangiana:
Nani alipitisha bomba Funu
akasahau kupitisha maji?
Mlima mzima ukapiga kelele. Watu wakakumbatiana
na ndoo zao tupu.
Waziri akajibu baada ya miezi minane:
swali limepokelewa.

Mwaka wa pili aliinua mkono, hakuonwa.
Mwaka wa tatu alikuwa amejifunza
wakati gani watu hupiga makofi.
Sisemi alikula. Sijui alichokula.
Najua gari lilifika kwa meli kutoka Goma,
jeusi, linang'aa kama kiatu cha maiti,
likashindwa na kilima cha Kadutu,
likalala chini, likilindwa na kijana wa kulipwa.

Halafu ile mvua ya Aprili.
Usiku mmoja Cimpunda ikateremka,
kiwanja cha Mama Nsimire kikaenda na mawe yake ya mpaka,
na wanunuzi wote wawili wakanyamaza.
Udongo wenyewe ukakata kesi.
Kule Kinshasa akaomba neno, akapewa.
Bunge likasimama dakika moja, kimya.
Katika miaka mitano hilo ndilo pendekezo lake
lililopita bila kupingwa.

Alipogombea tena, wale mama wa samaki
walichukua fulana, wakachukua na chumvi,
wakasema ndiyo, baba, ndiyo.
Hawakumtafuta kwenye kitambaa kile cha meza.

Alirudi jumatatu, kwa miguu, ngazi zile zile.
Nondo walikuwa wamekula kola.
Joho likagoma kufunga tumboni,
akaliacha wazi, akaketi, akapangusa vumbi.

Saa nne akaingia Mama Nsimire.
Hana kiwanja, ana risiti, kwenye mfuko wa sukari.
"Ardhi imekwenda, nimeona kwa macho yangu.
Lakini pale palikuwa pangu. Niandikie hivyo."

Nikavuta mashine. Akanizuia.
Akachapa mwenyewe, kwa vidole viwili, polepole,
akatoa karatasi, akatazama yale mapengo,
akanyoosha mkono bila kuniangalia.
Nikampa kalamu.

"Sasa nikuite nani?" mama akauliza.

Hakujibu. Alikuwa ameinama
mstari wa saba, mstari wa nane,
anatafuta R zake.