Nusu Kichwa

Mashine ilikuwa imefika juu ya sikio la kushoto
iliponyamaza.
Haikukoroma, haikuaga.
Taa ya kijani kwenye kisanduku ikageuka nyekundu,
na redio ikameza jina la marehemu
katikati ya matangazo ya vifo.

Nje, jua la Januari limejaa Kibosho nzima.
Limekaa juu ya bati la kinyozi, juu ya kahawa,
juu ya paneli yangu inayotazama kaskazini, mlimani,
kama fundi alivyosema itazame.
Jua lipo.
Nimesahau tu kulipa mia tisa ya jana.

Eliakunda ananitazama kupitia kioo:
upande mmoja msimamizi wa harusi,
upande wa pili mtu aliyetoroka wodini.
"Ndekirwa, ibada ni saa nane."
"Najua."
"Na lile pale nje si jua?"
"Lile la Mungu. Hili la humu ndani
bado ni la kampuni."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa:
elfu themanini za kuanzia (nikauza beberu),
halafu mia tisa kila siku, miaka mitatu.
Ukikosa, wanafunga hukohuko waliko;
mtu asiyejua njia ya kuja Kibosho
anagusa kitufe,
nami naingiliwa na giza saa nne asubuhi.

Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya kanisa:
milioni moja, sitini na tano elfu na mia tano.
Moshi mjini, duka la jirani na stendi,
mwenye taslimu anabeba paneli ileile kwa laki sita,
anafungiwa kamba, anapewa na soda.
Mimi nanunua jua kama ninavyonunua sukari,
kwa kijiko.

Na Julai, wingu linaposhuka hadi migombani,
paneli inalala kutwa kama ng'ombe mgonjwa.
Mashine inanyoa vichwa viwili, inachoka.
Nilipiga simu kuwaeleza habari ya wingu.
Binti akanijibu kwa upole sana, kwa Kiswahili cha pwani:
mkataba, kaka, hauna kipengele cha wingu.

Eliakunda akacheka, nywele zikamwangukia kifuani.
Dada yake, Aikande, ni muuguzi Hamburg.
Huko, anasema, jua ni mgeni wa kuhesabiwa siku,
lakini ametundika paneli mbili kwenye roshani,
ghorofa ya nne, penye vyungu vya maua;
alilipa mara moja, kwa mshahara wa wiki,
akasahau.
Shemeji yake anaendesha lori hadi Lusaka.
Mwaka ule bwawa lilipokauka
aliona watu wakibeba paneli kichwani
kama magodoro ya wanafunzi wanaorudi shule,
na bei ikipanda kati ya asubuhi na jioni.

"Hivi hili jua letu,"
akauliza, nusu yake yenye nywele ikiwa imekunja uso,
"linalounguza mpaka mkia wa mbuzi,
mbona ndilo ghali?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitana.
Nikamchana ule upande uliobaki,
angalau uonekane umekusudiwa.

Akatazama saa. Akatazama kioo.
Akatoa simu, akatuma mia tisa yeye mwenyewe,
akanisomea namba zilizorudi, nne nne,
kama mtu anayesoma chapa ya ng'ombe wake sokoni.
Nikakosea moja. Tukarudia.

Kijani.
Redio ikarudi, marehemu keshazikwa,
sasa wanatangaza bei ya mahindi.
Mashine ikatetemeka mkononi
nami nikalifuata sikio la kulia taratibu,
mshono usionekane.

Aliondoka anang'aa, mwenye haraka,
akageukia mlangoni: "Hiyo mia tisa, Ndekirwa!"

Nikaishusha kalenda.
Chini ya siku mia nne na kumi na mbili zilizobaki
nikakata moja,
kisha nikaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu:
Nadaiwa na E. Shayo,
jua, siku moja.