Sikio la Mbuzi

Mbuzi wangu wa kwanza alikuwa benchi.
Benchi lenye pembe, alisema mama,
na mama hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa huruma.
Nilimchora kwenye bucha ya Mwangangi, mtaani Huruma,
kwa rangi iliyobaki kwenye mlango wa mtu,
na watoto wa shule wakipita wakambwekea.

Nililipwa nusu kilo ya matumbo.
Nikayala nikitazama chini.

Leo wananiambia: Nyaboke, una kipaji.
Ulizaliwa nacho, wanasema,
kama mtu anavyozaliwa na kitovu kikubwa.
Sibishi. Brashi iko mdomoni, na ngazi si yangu.
Lakini hicho kipaji, kama kilikuwepo,
kilikuwa kimelala usingizi wa pono,
na mimi ndiye niliyekiamsha saa kumi na moja alfajiri,
nikakivisha sweta, nikakipeleka Kiamaiko.

Kiamaiko mbuzi hushushwa kwenye malori
wakiwa bado na vumbi la Marsabit mgongoni.
Niliketi juu ya debe na daftari la miraba,
penseli nimeifunga uzi shingoni,
nikachora miguu. Miguu mitupu, miezi miwili.
Halkano dalali alidhani mimi ni kanjo,
nahesabu mifugo ya watu ili watozwe.
Alipoiona karatasi alicheka hadi akakaa.
Kisha akamshika beberu taya, akamgeuza kwangu:
"Tazama jicho. Mboni imelala.
Wewe umeisimamisha kama ya paka."

Imelala, kweli. Kama tundu la kutumbukizia sarafu.
Nilikuwa nimewapa mbuzi macho ya paka
Mathare nzima, na hakuna aliyelalamika.
Hilo ndilo lililoniuma:
kwamba hakuna aliyelalamika.

Madaftari yakafika kumi na saba.
Panya walikula la tatu; halikuwa na kitu.
Pembe zilikubali mapema, kwato zikafuata,
ndevu hazikuwahi kunisumbua.
Sikio ndilo lililokataa.
Sikio la mbuzi halikai. Linaning'inia, linageuka,
linasikia kisu kikinolewa nyumba ya tatu,
na kila nilipolikamata
lilikufa mkononi, likawa kandambili.

Halafu Jumanne moja, Kariobangi Kaskazini,
ukuta wa Githaiga, jua limeshafika kwenye mabati,
mkono ukapita mara moja tu, kutoka utosini hadi ncha,
na sikio likawa pale.
Si kwamba lilifanana. Lilisikia.

Niliteremka ngazi. Nikavuka barabara.
Nikasimama kando ya jiko la mama wa mahindi, nikalitazama
mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Githaiga alitoka na kikombe cha supu.
Akasema: "Bei iandike kubwa zaidi."
Nikaiandika kubwa zaidi.

Mwezi wa tisa kampuni ya simu ilikodi ukuta.
Wakaupaka kijani mara tatu, kwa rola,
vijana wawili wakipiga miluzi.
Watu walinipa pole. Nilizipokea;
si adabu kumrudishia mtu pole yake.
Lakini usiku ule, stima zimepotea, ugali umeshaliwa,
nilichukua kaa lililozimika jikoni,
nikapiga magoti, nikapinda mkono juu ya saruji gizani.
Sikuona nilichochora.
Sikuwasha hata tochi ya simu.

Asubuhi nilipiga deki kama kawaida.

Jana amenipigia mtu wa Kayole. Anataka ng'ombe,
mkubwa, ukuta mzima, awe anawatazama wapita njia.
Nimemwomba muda. Muda wa nini, akauliza,
si una kipaji?

Ng'ombe simjui. Sijui pua yake inaanzia wapi,
wala ile ngozi ya shingo hukunjika mara ngapi akigeuka.
Nimenunua daftari. Debe liko mlangoni.
Kesho, kabla jogoo wa jirani hajajisifu,
nitakuwa Njiru, kwenye uzio,
nikichora benchi.