Anza Chini

Nyumba ya kwanza niliyoitamani
ilikuwa Toledo, upande wa mashariki ya mto,
na baraza, na dirisha la vioo vya rangi penye ngazi,
na bei iliyoninyima usingizi siku mbili.
Nilikuwa na dola elfu kumi na moja,
miaka sita ya zamu za usiku kwenye kiwanda cha vioo,
na kitabu kimoja nilichokisoma mara tatu.

Ilonka Szabados hakulitazama dirisha.
Alivua glavu, akawasha tochi.
"Kwa chini kunashukiwa wapi?"

Nilimpata Jumanne iliyotangulia,
nyuma ya mgahawa wa soseji
ambako wenye nyumba hukutana kila mwezi,
watu kumi na wanane, birika moja la kahawa.
Niliingia na kadi mia mbili mpya,
herufi za dhahabu: Orrin Tackett, Mwekezaji.
Nikazigawa kama karata.
Yeye aliipokea yake, akaigeuza,
akaandika mgongoni namba ya fundi bomba,
akanirudishia.
"Sasa ndiyo kadi," alisema.
"Usiulize nani ana pesa.
Uliza nani anapokea simu
bomba likipasuka saa nane ya usiku, Januari."

Basi tukashuka.
Alinusa kwanza, kama anayeyashuku maziwa.
Akauwekea ukuta kiganja, akakiacha hapo
kama mama anayepima homa.
Rangi ilikuwa mpya hadi usawa wa goti,
hadi goti tu.
"Nani hupaka nusu ya ukuta?" aliniuliza,
nami, mwekezaji, nikasema labda rangi ilimwishia.

Akatoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni.
Ikasita.
Kisha ikajiendea, bila haraka, bila kusukumwa,
hadi pembe ya kaskazini.
Tk.

Nyumba njema si mlango, najua, sote tunajua.
Lakini mimi nilikuwa nimeupiga picha mlango.

Tukapanda. Kulikuwa na mpangaji, Bi Verlene Oakes,
anakunja shuka sebuleni.
Nilishapita mbele yake mara tatu nikipima madirisha
na sikuwa nimemsalimu.
Ilonka alishika ncha mbili za shuka,
wakakunja pamoja, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana,
na kabla shuka la tatu halijaisha tulijua
kwamba maji huja kila Machi,
kwamba maboksi yake yote yako juu ya matofali,
kwamba tanuri la joto hukohoa tangu mumewe yu hai,
kwamba muuzaji hajafika hapa tangu kiangazi cha juzi
ila juzi yenyewe, na kopo la rangi.

Ndani ya gari nikafungua daftari.
Pango: mia tisa na hamsini.
Mkopo mia nne na kumi. Nilikuwa nimeishia hapo,
nimepiga mstari miwili chini ya faida.
Akaichukua kalamu.
Kodi ya jiji, mia na hamsini. Bima, tisini na tano.
Mwezi mmoja mtupu kila mwaka, ukigawanywa, themanini.
Vitakavyovunjika, mia na sabini na nane.
"Kwa nini sabini na nane?"
"Kwa sababu niliwahi kuweka sifuri."
Zikabaki thelathini na saba.
Bei ya viatu, tena vya mtumba.
Na ukuta ulikuwa bado haujadai chake.

Sikuinunua. Aliyeinunua simjui;
nikipita huwa naangalia kama taa ya Bi Verlene inawaka.

Yangu niliipata mwaka wa pili, nyumba fupi, haina dirisha la rangi,
gololi ilikaa palepale nilipoiweka.
Nikajiona nimehitimu.

Januari, saa nane ya usiku, simu ya mpangaji:
dari la jikoni linanyesha.
Nikaitafuta ile kadi. Dhahabu ya jina langu ilikuwa imebanduka,
wino wa mgongoni ulikuwepo.
Dewey Pruitt alipokea mlio wa pili,
hakuuliza mimi ni nani.
"Umefunga koki kuu?"

Nikasimama gizani na soksi moja.
Nyumba ni yangu, hati ina jina langu,
na sikujua koki iko wapi.

"Chini," alisema, akitafuta viatu vyake.
"Kaanze chini. Nakuja."